Vyumba vya Kupanga vya Wanafunzi: Tuweke Sheria Gani?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tandahimba)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya shule yetu jana na leo. Namwomba radhi, maana nitasema jambo moja tu la leo: vyumba vya kupanga wanamolala wanafunzi wa sekondari za kutwa, ambavyo vijana wenyewe huviita mageto.

Sisi tulilala bwenini. Kengele ikilia, taa zimezimwa, na kiranja anapita kuhesabu vichwa. Maharage yalikuwa na wadudu, lakini yalikuwapo. Tulinung'unika sana, wala hatukujua kwamba kule kuhesabiwa kila usiku kulikuwa ni ulinzi.

Kuanzia mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi walichanga fedha, wakasomba mchanga na mawe, na shule za kata zikajengwa nchi nzima. Ni kazi ya kujivunia. Lakini nyingi ni za kutwa, na kata ya huku kwenye Uwanda wa Makonde si sawa na mtaa wa Dar es Salaam. Mtoto anatoka kijiji cha mbali. Akitembea kwenda na kurudi kila siku, anafika darasani amechoka. Basi mzazi anamtafutia chumba karibu na shule. Januari 2016 Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne. Ada ilifutwa, kodi ya chumba haikufutwa, wala bei ya ndoo ya maji, na ninyi mnajua shida ya maji ya huku juu.

Tazameni pia kalenda yetu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wakati korosho zinaokotwa na minada inaendelea. Mzazi yuko shambani, fedha na wageni wamejaa vijijini, na mtoto yuko peke yake chumbani na mtihani wake. Msimu ukipita, fedha zikiisha, kodi inachelewa na mtoto anatolewa vitu nje.

Kwa sababu hiyo wako wazee wanaosema: tupige marufuku, mwenye nyumba asimpangishe mwanafunzi. Siwabezi. Wameona makelele, wizi, na mimba za wasichana wa shule. Sheria ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka 2021 Serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Yote mawili yanakuja baada ya madhara. Wazee wanataka kuziba ufa mapema, na hapo wana haki.

Lakini marufuku si dawa. Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la New York, kijiji cha Belle Terre, chenye nyumba 220 na watu wapatao 700, kilipanga kwamba watu wasio ndugu wanaokaa nyumba moja wasizidi wawili. Mwenye nyumba mmoja akapangisha wanafunzi sita wa chuo kikuu cha jirani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1974 kijiji kikashinda. Jaji mmojawapo aliyepinga hukumu hiyo alikuwa Thurgood Marshall, yule yule aliyewasaidia wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba mjini London mwaka 1960. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama shida ni msongamano, wekeni kikomo cha idadi ya watu kwa nyumba zote, ndugu na wasio ndugu sawasawa. Kwa maneno mengine, hesabuni watu, msiulize ukoo.

Ndugu zangu, hapa lazima niseme kosa langu. Mimi mwenyewe ni mwenye nyumba. Chumba changu cha uani niliwapangisha wavulana wawili. Baadaye wakawa watano. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alileta chochote. Usiku mmoja mshumaa ukashika chandarua. Walitoka wazima, lakini vitabu viliteketea, na mmoja wao aliingia kwenye mtihani kwa madaftari ya kuazima. Asubuhi mama yake alifika kwa miguu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Baba, ulikuwa hujui wako wangapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tungepiga marufuku, wale watano wangelala wapi? Wangerudi kijijini kwao na kuacha shule, au wangejificha katika chumba kibaya zaidi, kwa mtu asiyetaka kuulizwa.

Chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo, ikapita katika mkutano mkuu wa kijiji na kuthibitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo napendekeza tuwasaidie wenzetu wa vijijini kuandika sheria yenye mambo manne.

Kwanza, kila chumba cha mwanafunzi kiandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na jina la mzazi, na nakala ipelekwe shuleni.

Pili, idadi ya wanaolala chumba kimoja iwe na kikomo, na atakayetozwa faini ikizidi awe mwenye nyumba, si mtoto.

Tatu, nyumba iwe na choo, mlango unaofungika na dirisha linalofunguka. Na wasichana wakae katika nyumba ambamo mama mtu mzima anaishi.

Nne, mwanafunzi asitolewe chumbani katikati ya muhula kabla mzazi na ofisa mtendaji hawajaitwa.

Haya ni ya kushikilia tu. Dawa yenyewe ni bweni. Chama chetu kimekuwa kikichanga kwa ajili ya karamu na fulana. Naomba mwaka huu nusu ya mchango iende kwenye msingi wa hosteli ya wasichana katika shule moja ya kata, tutakayoichagua pamoja. Mimi naanza kwa kutoa kodi yote niliyopata kwa wale watano.

Sisi tulihesabiwa kila usiku, ndiyo maana leo tuko hapa. Na tuwahesabu hawa.