Asiyekimbia Ndiye Anayeifanya Marathoni: Maneno kwa Vijana Wanaotaka Kujitolea



Vijana wetu, dada zangu na ndugu zangu, leo sisemi na wanaokimbia. Wale wana makocha wao. Nasema na wewe uliyeona tangazo kwamba wanatafutwa vijana wa kujitolea siku ya marathoni, ukajiuliza, "Sasa mimi nitaenda kufanya nini huko? Kupeana maji tu?"

Ndiyo, kupeana maji. Na hiyo "tu" yako ndiyo nataka tuiondoe leo.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Hapa Nairobi, ile ya Standard Chartered ilianza mwaka 2003, na kwa kawaida huwa mwezi wa Oktoba. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kijana aliyetoka Mombasa au Lamu akikimbia huko, kifua kinamwambia mapema kwamba hapa si kwetu. Maelfu ya watu wanakimbia, na wengi wao si mabingwa. Ni karani, ni mwalimu, ni mama wa watoto watatu. Mtu kama huyu akiishiwa nguvu barabarani, hakuna kocha wala meneja mbio naye. Aliye karibu naye ni wewe, na riflekta yako mwilini.

Haya, tuzipitie kazi moja moja.

Kwanza ni meza ya namba na mizigo. Kazi hii huanza siku kadhaa kabla ya mbio. Mtu anakuja na kitambulisho, unamtafuta kwenye orodha, unampa namba ya kifuani na fulana yake. Rahisi, si ndiyo? Lakini angalia unachokishika: majina, namba za vitambulisho, namba za simu za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Namba ya simu ya msichana uliyoiona kwenye orodha si yako. Ukiinakili ukamtumia ujumbe usiku, "Niaje, ni mimi yule wa meza ya fulana," umeivunja amana. Na foleni ni foleni. Usimpitishe binamu yako mbele eti kwa sababu mnajuana. Sisi ndio tunaolalamika kila siku kwamba ofisini mtu hahudumiwi bila kujuana na mkubwa. Basi siku tumeketi sisi upande wa pili wa meza, watu waone tofauti.

Pili, maji. Kanuni za kimataifa zinataka vituo vya vinywaji viwe karibu kila kilomita 5. Kikombe usikijaze mpaka juu, nusu au zaidi kidogo inatosha. Nyoosha mkono, shika kikombe kwa juu kwenye ukingo au kiweke kwenye kiganja, ili mkimbiaji akichukue bila kugongana nawe. Sema kwa sauti, "Maji! Maji hapa!" Na meza zikiwa nyingi, waelekeze watu meza za mbele. Kila mtu hurukia ile ya kwanza, halafu za mwisho zinabaki zimejaa.

Mtu atauliza, kwani kuna ugumu gani hapo? Nenda Chicago, tarehe 7 Oktoba 2007. Siku hiyo joto lilipanda hadi karibu nyuzi 31, na barabarani kulikuwa na zaidi ya watu 30,000. Wengi walifika mezani wakakuta vikombe vimekwisha. Waandaaji walisema maji yalikuwepo, ila watu walikuwa wakichukua vikombe kadhaa, vingine wakijimwagia kichwani, na waliokuwa wakimimina hawakuwahi. Mbio zikasimamishwa katikati. Mamia walihitaji matibabu, na mtu mmoja alifariki, ingawa ilielezwa baadaye kwamba alikuwa na tatizo la moyo. Mshindi wa wanaume siku hiyo alikuwa Mkenya, Patrick Ivuti, aliyempita Jaouad Gharib wa Morocco kwa kitambo kidogo mno, hata sekunde moja haikufika. Sisi tukasherehekea. Lakini kwa maelfu waliokuwa nyuma yake, swali kubwa lilikuwa je, kuna mkono wa kumimina kikombe?

Lakini maji nayo yana kipimo. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002. Asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita kiasi. Kwa hivyo ukimwona mtu anayumba, maneno yake hayaeleweki, anatapika, usimlazimishe maji zaidi ukidhani unamsaidia. Mkalishe pembeni, ita wahudumu wa afya. Wewe si daktari, na hakuna anayekudai uwe daktari.

Na jueni kwamba kazi hii ya meza haina udogo. Eliud Kipchoge alipovunja rekodi ya dunia Berlin mwaka 2018, saa 2 dakika 1 na sekunde 39, chupa zake alipewa na Mjerumani mmoja aliyejitolea, akawa anawahi kituo baada ya kituo kwa baiskeli. Kila akifanikiwa kumpa chupa, alirusha mikono juu kama aliyefunga goli. Mwaka 2022 Kipchoge akaivunja tena rekodi palepale Berlin, na mtu yuleyule alikuwa kwenye chupa. Ameona umuhimu wa kazi yake, na dunia nayo ikauona.

Tatu, waelekezi wa njia. Hawa husimama kwenye kona, kwenye makutano na kwenye vizuizi. Kazi yao ni kujua njia inaenda wapi, si kubahatisha. Mwaka 2017, kwenye marathoni ya Venice, kundi la mbele liliifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia. Kabla hawajarudishwa, walikuwa wamepoteza kama dakika mbili. Kati yao walikuwamo Wakenya. Mbio zikaenda kwa Eyob Faniel wa Italia, ambaye alikuwa nyuma na akaendelea na njia iliyo sahihi. Yeye hana lawama. Lakini fikiria kijana aliyefanya mazoezi mwaka mzima, akitegemea ile zawadi kulipa karo ya wadogo zake, anaikosa kwa kona moja.

Na Athens, Olimpiki ya mwaka 2004, Vanderlei de Lima wa Brazil alikuwa anaongoza zikiwa zimebaki kama kilomita 7. Mtu akatoka kwenye watazamaji akamkumba mpaka pembeni mwa barabara. Mtazamaji Mgiriki akamsaidia kujinasua. Akaendelea, akamaliza wa tatu. Mwelekezi mzuri hageuki kuwatazama mabingwa wakipita. Anawatazama watazamaji. Mbio utaziona kwenye televisheni jioni.

Ila hapa kuna jambo linalotuhusu sana. Barabara inafungwa Jumapili asubuhi. Watu wengine wana safari zao. Mama anapeleka mtoto hospitali, mzee anaenda kanisani, mwenye kibanda anaenda kufungua kazi yake. Atakuja kwako amekasirika, na ana haki ya kuuliza. Riflekta haikukupa cheo cha askari. Usimsukume mtu, usimfokee, usiguse mkokoteni wake. Jua mapema sehemu za kuvukia ziko wapi na magari ya dharura yanapitia wapi, umwambie, "Mama, shikamoo, vukia pale mbele, ukisubiri pengo nitakuvusha mimi mwenyewe." Tunajua vizuri mtu akivaa sare anavyoweza kutuongelesha. Tusije tukafanya yaleyale siku tumevaa sisi.

Nne, huduma ya kwanza. Hapa wanatakiwa wenye mafunzo: wauguzi, wanafunzi wa udaktari, waliosomea huduma ya kwanza. Kama huna, kazi yako ni kuona na kuita. Kuna kisa cha zamani, London mwaka 1908. Dorando Pietri wa Italia aliingia uwanjani wa kwanza akiwa hajielewi. Akaanguka, akaamka, akaanguka tena. Maafisa wakamwinua wakamsaidia kufika kwenye mstari. Kwa sababu ya msaada ule akaondolewa kwenye matokeo, na dhahabu ikaenda kwa Johnny Hayes wa Marekani. Leo, kabla ya kuanza zamu, muulize msimamizi wako: mtu akianguka mbele yangu, namwita nani, kwa namba gani, na nini nisifanye? Uhai unatangulia matokeo, hilo halina mjadala. Lakini ujue utaratibu kabla hujauhitaji.

Na Boston tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa mwisho. Watu watatu waliuawa na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Lile hema la matibabu liliwekwa kwa ajili ya malengelenge ya miguu na watu walioishiwa maji mwilini. Dakika chache tu, likawa la kufunga damu. Wengi waliokuwa ndani ni watu waliojitolea, na walioumia wakafikishwa hospitali wakiwa hai, wote walipona. Waliweza kwa sababu walikuwa wamejipanga tangu asubuhi: kila mtu alijua mahali pake.

Jingine kwenye hili: mtu akiwa chini amezimia, simu yako ibaki mfukoni. Picha yake haiendi kwenye status yako.

Tano, kuongoza wasioona. Mkimbiaji asiyeona na kiongozi wake hushika kamba fupi pamoja. Kiongozi hamvuti. Anakwenda hatua yake, anamwambia, "Kona kushoto, tuta mbele, maji kulia." Tuna mwalimu wetu hapa Kenya, Henry Wanyoike. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mita 5,000, kiongozi wake alikuwa mgonjwa akaishiwa nguvu kabla ya kumaliza. Wanyoike, yeye asiyeona, akawa ndiye anayemvuta mwenzake mpaka mstarini, na akapata dhahabu. Ukitaka kazi hii, ujue kwamba lazima uwe na mbio kumzidi unayemwongoza, na mfanye mazoezi pamoja kabla ya siku yenyewe. Si kazi ya kuombea asubuhi ya mbio.

Mwisho kuna wa kuvisha medali, wa kurudisha mizigo, na wa kuokota vikombe na chupa. Mshindi akishaenda zake, bado kuna mama anayekuja na saa sita au saba za kutembea na kukimbia. Medali yake umvishe kwa heshima ileile. Na taka ziondoke kabla hamjaondoka.

Sasa tuje upande wenu. Kujitolea si kutumikishwa. Kijana anaambiwa "njoo upate uzoefu", anasimama juani tangu saa kumi alfajiri mpaka saa nane mchana bila maji wala chakula, halafu anajitafutia nauli. Hapana. Kabla ya kuandika jina, uliza maswali haya. Zamu inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi? Chakula na maji vipo? Alfajiri hakuna matatu za kutosha, nitafikaje? Nikiumia kazini, nani anagharamia? Mafunzo ni lini? Nitapata cheti chenye jina langu na kazi niliyofanya? Msimamizi wangu ni nani na namba yake ni ipi? Muandaaji anayejiheshimu ana majibu. Asiye na majibu, mwache, na usione haya.

Na wewe mwenye kuswali, zamu hizi hugongana na alfajiri. Lisemwe siku ya mafunzo, si saa ile ile. Mwambie msimamizi, "Nitahitaji dakika kumi na mwenzangu atanishikia." Kwa dada, ulizia fulana ya mikono mirefu au saizi ya kuvaliwa juu ya nguo yako. Ukiomba mapema kwa adabu, mara nyingi unapata. Ukikaa kimya halafu ukatoweka kwenye kona yako, wakimbiaji ndio watakaopotea.

Vijana, mara nyingi sisi tunatajwa kwenye mikutano kama tatizo la kutatuliwa. Kwenye kona ile, kwa saa chache, mtu usiyemjua, wa dini yoyote, wa kabila lolote, anakimbilia mkono wako kwa sababu anaamini hutamdanganya njia. Hiyo imani haiombwi kwa maandamano. Inajengwa kikombe kwa kikombe.

Kwa hivyo ukiliona tangazo, wapigie wenzako wanne au watano, mchague kazi mnayoiweza, muulize maswali yenu, mjiandikishe pamoja. Siku yenyewe fika mapema, vaa viatu vizuri, beba kofia, na simu iwe na chaji.

Wabillahi tawfiq. Tuonane barabarani.