Kompyuta Moja ya Keriko

Maelezo kwa walimu na wazazi, Buxton



Kenya ina kijiji kiitwacho Pwani ambacho hakina bahari. Kiko Njoro, Kaunti ya Nakuru, na huko ndiko iliko Shule ya Sekondari ya Keriko. Mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bradha Peter Tabichi, mtawa Mfransisko, alitangazwa Dubai mwezi Machi 2019 kuwa mwalimu bora duniani. Hakuna Mwafrika aliyewahi kushinda tuzo hiyo kabla yake. Watu walizungumzia sana zawadi ya dola milioni 1, na mshahara ambao asilimia 80 yake alikuwa akiwapa wenye shida. Habari ya kompyuta ilipitwa haraka, na kwa walimu ndiyo yenye faida zaidi.

Keriko ilikuwa na kompyuta 1 tu na mtandao dhaifu. Mwalimu mmoja alihesabiwa wanafunzi 58. Hata hivyo, Tabichi alitumia teknolojia katika masomo yake mengi: asilimia 80, kwa bahati hesabu ile ile ya mshahara. Alikuwa akienda saiba, anapakua mafunzo, anayahifadhi, kisha anayaonyesha darasani bila kuhitaji mtandao. Wanafunzi wake walifika hadi kubuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na viziwi kupima vitu.

Safari ya saiba haimo kwenye ratiba ya vipindi. Hakuna kengele inayopigwa kwa ajili yake, na mkaguzi haioni. Lakini somo lilianzia huko.

Mwaka 2016 serikali ya kitaifa ilianza kugawa tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma. Ulikuwa mpango mkubwa na mzuri. Mahali pengine vifaa vilikaa kabatini.

Hapa Mombasa mtandao hauko mbali. Waya wa TEAMS, unaopita chini ya bahari kutoka Fujairah, ulitua hapa mwaka 2009. Shida ya hapa ni bando, na mara nyingi mwalimu huinunua kwa pesa zake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe.

Wazazi wafahamu pia mipaka ya kazi. Kwa Katiba ya 2010, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Swali la tabuleti za darasa la kwanza haliulizwi ofisi moja na swali la kompyuta za chuo cha ufundi cha kijijini.

Na kwenye mkutano wa shule, kabla ya kuuliza mashine ni ngapi, mzazi aulize ni nani anayeandaa masomo, anayaandaa saa ngapi, na bando analipa nani.