Kupima Oili ya Pikipiki Nzito Ukiwa Peke Yako

Wiki hii tunaweka jembe kando kidogo, tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kinabeba mazao yetu, maziwa yetu, mbolea yetu, na hata wagonjwa wetu. Chombo hicho ni pikipiki. Nitaeleza jambo moja tu: namna ya kupima oili ya injini ukiwa peke yako, bila mtu wa kukushikia.

Utasema, “Ah, kupima oili nako kuna mazungumzo?” Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sikiliza kwanza yaliyonipata.

Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa huku milimani. Kila alfajiri nilikuwa nafunga madumu mawili ya lita 20 kwenye keria na kuyapeleka kituo cha kukusanyia maziwa. Pikipiki yangu ina kioo cha oili upande wa kulia wa injini, chini karibu na pale unapokanyaga. Ile stendi kubwa ya katikati ilikuwa imevunjika zamani, nami sikuitengeneza. Basi nikitaka kupima oili, naiegemeza pikipiki ukutani kwa upande wa kulia, nachungulia kioo, naona oili imejaa, naondoka zangu nimeridhika.

Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Siku moja, katikati ya mlima, injini ikaanza kulia kama mtu anayepiga debe. Halafu ikashika, ghafla. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, mimi na madumu yangu tukaenda mtaroni. Namshukuru Mungu sikuumia. Lakini maziwa yalimwagika, na fundi alipofungua injini alikuta pistoni imeshikana na silinda. Oili iliyokuwamo haikufika hata nusu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama watoto kwamba oili nilikuwa naipima kila wiki. Akaniuliza, “Baba, ulikuwa unapima oili au ulikuwa unapima ukuta?” Sikuwa na jibu. Injini ile ilitengenezwa kwa fedha za mtamba mwenye mimba, niliyemtegemea aje kuwa ng'ombe wangu wa tatu wa kukamua. Bei ya mtamba mzima, kwa sababu ya oili isiyozidi lita moja.

Sasa, kosa langu lilikuwa wapi? Chukua bakuli la maji, liinamishe upande wa kulia. Maji yanapanda upande ule ule, na upande wa kushoto yanashuka. Maji hayakuongezeka wala hayakupungua. Oili ndani ya injini hufanya vivyo hivyo. Pikipiki ikiinama upande wenye kioo, kioo kinaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Ikiinama upande mwingine, kama inapokaa kwenye stendi ndogo ya pembeni wakati kioo kiko kulia, kinaonyesha oili kidogo kuliko iliyopo. Hapo mkulima anaongeza, na kesho anaongeza tena, mpaka inapita kiasi. Oili ikizidi nayo ni hatari: husukumwa hadi kwenye filta ya hewa, hupasua sili, pikipiki hutoa moshi na kukosa nguvu.

Kwa hiyo shikeni neno hili: kipimo cha oili ni cha kweli pale tu pikipiki imesimama wima, juu ya ardhi iliyo sawa. Kipimo cha uongo ni kibaya kuliko kutopima, kwa sababu kinakuondolea wasiwasi uliokuwa ukulinde.

Lakini pikipiki ya kazi, hata ile yenye injini ya sentimita za ujazo 125 au 150, ina uzito wa kilo 100 na zaidi kabla hujafunga mzigo. Saa kumi na moja alfajiri utampata wapi wa kukushikia? Haya, tufuate hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, shusha mzigo wote. Usipime oili madumu au gunia likiwa juu ya keria. Vaa viatu, usifanye kazi hii na kandambili.

Pili, tafuta mahali palipo sawa. Sisi wa milimani hapo ndipo penye kazi. Uwanja wa kuanikia mahindi au kahawa mara nyingi hufaa. Kama una shaka, laza ubao ulionyooka pale unapotaka kusimamisha pikipiki, weka chupa tupu juu yake ikiwa imelala. Ikibiringika, pale si sawa. Jaribu kwa urefu, halafu kwa upana. Ukishapata mahali pazuri, weka alama, uwe unapimia hapo hapo siku zote.

Tatu, washa injini iungurume polepole dakika 3 hadi 5. Fanya hivyo nje, si ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wa injini unaua bila kupiga hodi. Kisha zima, usubiri dakika 2 au 3, oili ishuke yote chini. Jihadhari na bomba la moshi, bado ni la moto. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema vingine, fuata kitabu.

Nne, simamisha pikipiki wima. Hapa kuna njia tatu. Chagua inayolingana na chombo chako.

Njia ya kwanza ni ya mwenye stendi kubwa ya miguu miwili. Hii ndiyo bora. Simama upande wa kushoto wa pikipiki. Mkono wa kushoto ushike usukani, mkono wa kulia ushike keria au chuma cha chini ya kiti. Kwa mguu wa kulia, kanyaga stendi mpaka usikie miguu yake yote miwili imegusa ardhi. Sasa weka uzito wako wote juu ya mguu huo, huku mkono wa kulia ukiongoza pikipiki juu na nyuma. Mguu ndio unaofanya kazi. Mkono unaongoza tu. Anayenyanyua kwa mgongo atalala na maumivu. Kama ardhi ni laini, weka kipande cha ubao chini ya stendi isizame.

Njia ya pili ni ya asiye na stendi kubwa, lakini injini yake ina kioo cha oili. Futa kioo hicho kwa kitambaa. Chukua kioo cha kunyolea, kiweke chini upande wenye kioo cha oili, ukiegemeze kwenye jiwe, kikuangalie wewe. Panda pikipiki, nyayo zote mbili zikanyage ardhi barabara. Shika breki ya mbele. Inua pikipiki taratibu kutoka kwenye stendi ya pembeni mpaka ufike mahali ambapo mikono haibebi kitu, haivutwi kushoto wala kulia. Hapo ndipo wima. Tulia kidogo oili itulie nayo, halafu tazama kwenye kile kioo cha kunyolea. Utaiona oili bila kuinama. Mwenye simu yenye kamera anaweza kuiegemeza pale pale, akaiacha ipige picha za video, kisha akatazama baadaye. Lakini kama miguu yako haifiki chini vizuri, njia hii usiitumie.

Njia ya tatu ni ya asiye na stendi kubwa, na injini yake inapimwa kwa kijiti. Hapa unahitaji mikono yako iwe huru. Tuseme kijiti kiko upande wa kulia, na stendi ndogo iko kushoto, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi. Simamisha pikipiki karibu na mti au nguzo imara iliyo upande wa kushoto. Tia gia namba moja injini ikiwa imezimwa, na funga mkono wa breki ya mbele kwa mpira wa tyubu ili pikipiki isitembee. Weka ubao mpana na imara chini ya stendi ndogo. Kama haujatosha, ongeza mwingine. Usipange mawe wala matofali, hayo huteleza. Pikipiki itainuka karibu na wima. Iache imeinama kushoto kidogo sana, ili uzito wake ubaki juu ya stendi. Kisha funga kamba mbili za nguvu kutoka kwenye usukani na kwenye keria, zikaze kwenye ule mti wa kushoto. Stendi inazuia isianguke kushoto, kamba zinazuia isianguke kulia.

Utajuaje kama imesimama sawa? Fanya kama waashi, tumia timazi. Funga jiwe dogo kwenye uzi, ushikilie uzi ukining'inia nyuma ya tairi, ulinganishe. Uzi ukienda karibu sawa na mstari wa katikati ya tairi, inatosha. Itikise pikipiki kidogo kabla ya kupiga magoti. Ikiyumba, anza upya.

Ndugu yangu, hapa nakuomba uwe makini. Usipime ukiwa katikati ya pikipiki na ukuta. Na pikipiki ikianza kuanguka, iache ianguke. Ruka pembeni. Taa huvunjika ikanunuliwa nyingine. Mguu hauuzwi dukani.

Tano, soma kipimo. Kwenye kioo kuna alama mbili, ya juu na ya chini. Oili iwe katikati ya alama hizo. Kwenye kijiti, futa kwanza uchafu unaozunguka tundu, mchanga usiingie ndani. Fungua kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe tundunimo, ukitoe usome. Kwa pikipiki nyingi ndogo kijiti hakikazwi wakati wa kupima. Kinakalishwa tu juu ya tundu. Ukikikaza kinazama zaidi na kukuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Tazama kitabu chako kinasemaje, au muulize fundi unayemwamini.

Sita, kama oili imepungua, ongeza kidogo kidogo. Tia mililita 100 hivi, yaani kama vijiko 7 vikubwa vya mezani, ngoja ishuke, pima tena. Usipite alama ya juu. Ikipita, punguza.

Tukiongeza, tuongeze oili gani? Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili nyingine za magari zina dawa ya kuteleza inayofanya klachi ya pikipiki isishike. Basi nunua oili ya pikipiki, yenye uzito uliotajwa katika kitabu chako, na utafute kwenye kopo herufi JASO MA au MA2. Wenye pikipiki za mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa na petroli au ina tangi lake pekee, maelezo ya leo hayawahusu. Ninyi tazameni tangi lenu la oili. Na wenye pikipiki za magurudumu matatu, chombo chenu kinasimama chenyewe, lakini ardhi iliyo sawa mnaihitaji kama wengine.

Saba, itazame oili yenyewe. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli na kipimo kimepanda bila wewe kuongeza, petroli inavuja kuingia kwenye injini. Ikipungua haraka, tafuta inapovuja, au angalia kama pikipiki inatoa moshi wa bluu. Katika hali hizo usisafiri. Mwone fundi kwanza.

Mwisho, oili chafu usiimwage shambani, kisimani wala mtoni. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji wanakoikusanya. Na wewe mfugaji, nawa mikono vizuri kwa sabuni kabla ya kugusa chuchu za ng'ombe.

Je, upime mara ngapi? Kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku, pima kila wiki, na kila unapotaka kwenda safari ndefu. Ikianza kula oili, pima kila siku mpaka itengenezwe. Kazi yote haizidi robo saa.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu ulikuwa stendi iliyovunjika. Kuichomelea kungenigharimu fedha kidogo tu. Nilichojenga baadaye mnakijua. Siku hizi stendi yangu ni nzima, na mama watoto akiniona nimepiga magoti uwanjani alfajiri, hucheka tu, haniulizi tena habari za ukuta.

Basi kesho asubuhi, kabla hujafunga mzigo, anza na stendi yako. Kama imevunjika, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza wiki hii.