Jina la Ugonjwa Analo Mgonjwa

(Mazungumzo ya mshauri wa kujitolea mbele ya Kamati ya Jamii, viongozi wa dini na wafanyakazi wa mashirika, Nakivale, katika kuadhimisha Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba.)

 

 Niliombwa niseme juu ya utamaduni, ushauri nasaha na namna ya kutangaza huduma za afya. Mambo hayo ni makubwa. Mimi nitayapunguza yawe swali moja ambalo tumeulizana katika vikao vingi: kwa nini watu wanaolia usiku ni wengi, na benchi lililo nje ya chumba cha ushauri mchana ni tupu?

Makazi yetu yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatangazwa rasmi na serikali mwaka 1960. Tangu hapo wamefika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Ukitoka Base Camp kwenda Juru au Rubondo utasalimiwa kwa lugha nyingi kabla ya jua kupanda. Kila lugha ina namna yake ya kusema "naumia". Shida yetu inaanzia hapo.

Jina na aibu

Mama mmoja, jirani yangu, alinijia saa mbili usiku, si mchana. Akaniambia: "Dada, moyo unapanda mpaka kooni. Kichwa kinajaa, ni kama mna mashine ya kusaga ndani. Nikisikia pikipiki usiku, nakimbilia watoto." Nikamwuliza kwa nini hakwenda kule kulikobandikwa karatasi ya "Kliniki ya Magonjwa ya Akili". Akanitazama kwa muda mrefu. "Mimi si mwendawazimu," akasema. "Na nikionekana pale, nani atakuja kumposa binti yangu?"

Ndugu zangu, mama yule hakukataa matibabu. Alikataa jina. Aliyeandika karatasi ile hakuwa na nia mbaya. Alichukua jina lililo kwenye mlango wa hospitali na kulibandika kwenye mlango wa kijiji. Kwa mtaalamu, maneno "magonjwa ya akili" yanachukua mambo mengi, madogo na makubwa. Kwa jirani zetu wengi yana maana moja tu: mtu anayeokota makaratasi njiani na kurushiwa mawe na watoto.

Lakini watu wetu wana maneno yao. Wanyarwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walilitumia sana neno ihahamuka kwa mtu anayeshtuka, anayekosa pumzi, anayeiona tena siku ile kana kwamba ni leo. Kwa huzuni nzito iliyokaa moyoni husema agahinda. Wasomali wana neno buufis, lenye asili ya kupuliza hewa. Katika kambi za Dadaab, Kenya, lilitumika kwa hamu kali ya kuhamia ng'ambo, na pia kwa maradhi yanayompata mtu hamu hiyo inapokatika. Sisi Wakongo husema tu "mawazo": mawazo yamenijaa, mawazo yamenimaliza.

Haya si maneno ya ushamba. Ni njia ambayo mgonjwa ameshaianza mwenyewe, na kazi ya mshauri ni kumkuta juu ya njia hiyo.

Hata hivyo naomba tusidanganyike. Neno ni mlango, si dawa. Anayesema "mawazo" huenda ana malaria, huenda hana chakula, huenda anapigwa nyumbani. Mwenye kifafa anahitaji vidonge, hata kama familia inasema ni mashetani. Wazee wa kanisa waombe, shehe asome Kurani, na vidonge vimezwe. Anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Vilevile mila isiwe pazia. Nimesikia watu wakisema mama anayepigwa asihojiwe kwa sababu "ndivyo ilivyo kwao". Hapana. Kuheshimu utamaduni wa mtu ni kujua namna ya kumwuliza. Si sababu ya kutomwuliza.

Mifano miwili ya karibu

Huenda wafanyakazi wengine watasema: haya ni maneno mazuri, lakini je, yanasaidia? Nina mifano miwili, na yote miwili ni ya Uganda.

Wa kwanza ni wa Rakai na Masaka, upande wa barabara ya kwenda Kampala, ambako UKIMWI uliua watu wengi sana. Paul Bolton na wenzake hawakuanza na dawa wala fomu. Walianza kwa kuwauliza wanavijiji: watu hapa wanasumbuliwa na nini? Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani mtu kujichukia, na okwekubazida, yaani mtu kujisikitikia. Wakaona kwamba maneno hayo yanakaribiana sana na ule ugonjwa ambao madaktari huuita sonona. Ndipo, kati ya vijiji 30, wakafanya vikundi vya mazungumzo katika nusu yake, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vikiongozwa na watu wa hapo hapo waliofundishwa kazi hiyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na dalili kamili za sonona. Baada ya kumaliza, hawakufika 7 katika kila 100. Kwa wale ambao hawakupata vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa karibu 55 katika kila 100.

Mfano wa pili ni wetu sisi wenyewe, hapa Nakivale. Frank Neuner na wenzake kutoka Ujerumani, pamoja na Lamaro Patience Onyut wa Uganda, waliwafundisha wakimbizi kazi ya ushauri. Si madaktari, majirani zetu. Wanyarwanda na Wasomali 277 waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za vita walishiriki. Kundi moja lilitumia njia ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio tangu kuzaliwa, furaha na misiba, huku mshauri akiandika na kumsomea mhusika habari yake. Kundi la pili lilipata ushauri wa kawaida. Kundi la tatu lilifuatiliwa tu.

Matokeo yalitoka mwaka 2008. Baada ya miezi, watu 70 katika kila 100 wa kundi la kwanza hawakuwa tena na ugonjwa ule, na 65 katika kundi la pili. Katika kundi lililofuatiliwa tu, walikuwa 37. Angalieni vizuri: tofauti kati ya njia mbili za ushauri ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya aliyepata mtu wa kumsikiliza na asiyempata. Na aliyesikiliza alikuwa mkimbizi mwenzake aliyefundishwa.

Kutangaza huduma si kuuza sabuni

Sasa nije kwenye kutangaza. Mwenye sabuni akidanganya, utapoteza shilingi zako na utanunua nyingine. Mwenye huduma ya afya akidanganya, mgonjwa hatarudi, wala jirani yake.

Sisi tuliotoka Kivu Kaskazini tunakumbuka Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Magari yalikuja na vipaza sauti, na chanjo nzuri ilikuwepo. Lakini watu wa Beni na Butembo walikuwa wameuawa kwa miaka bila kuona magari mengi kiasi hicho. Wakauliza: mbona mnakipenda kifo hiki kimoja, na vile vingine hamvioni? Mwishoni mwa mwaka 2018 uchaguzi ukaahirishwa katika miji hiyo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Uvumi ukapata miguu. Vituo vya matibabu vikashambuliwa, wahudumu wakauawa.

Dawa ilikuwepo, imani haikuwepo. Kitu kimoja kilichosaidia kurudisha imani kilikuwa vyumba vya plastiki angavu vya shirika la ALIMA, ambamo ndugu waliweza kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Ndugu anayemwona mgonjwa wake haamini tena kwamba ameibiwa viungo. Tangazo lile lilipita redio zote.

Uganda nayo ina mfano wa zamani. Mwaka 1989, watu walipokuwa wakifa kwa UKIMWI huku familia zikisema ni uchawi, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alijitokeza hadharani akasema: mimi ninao. Akazunguka mashuleni na makanisani mpaka nguvu zikamwisha, akafa Desemba mwaka huo huo. Mabango yalikuwepo tayari. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu mwenye jina na sura.

Kwa hiyo tangazo letu liseme mambo manne kwa lugha nyepesi: tunafanya nini, hatufanyi nini, saa ngapi, na kwamba hulipi. Nasisitiza hilo la pili. Wengi huja kwa mshauri wakidhani machozi yao yataandikwa kwenye fomu ya kwenda Marekani au Kanada. Tusipowaambia mapema kwamba chumba hiki hakitoi safari wala mgao, watatuambia habari ambazo si zao, na siku wakigundua wataondoka na majeraha yao yale yale. Aidha, mradi ukiwa wa miezi sita, tusiutangaze kama wa milele. Kumfungulia mtu kidonda na kumwacha nacho ni vibaya kuliko kutomgusa.

Mkalimani na siri

Nimesema majirani wanaweza kazi hii. Lakini jirani ana masikio, na ana mdomo. Hili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilimkuta binti wa miaka kama 12 amesimama kati ya mama yake na mhudumu. Mkalimani hakuwepo, na mtoto alijua Kiingereza cha shule. Mama alikuwa akieleza yaliyompata njiani. Mtoto alitafsiri vizuri mpaka akafika kwenye neno moja, akanyamaza. Mhudumu akamhimiza: sema, sema. Mtoto akamtazama mama yake, mama akatazama chini. Wote tulielewa ni neno gani. Mama yule alisema, "Basi, ni kichwa tu kinaniuma," akapewa vidonge vya maumivu, wakaenda zao.

Sikusema kitu siku ile. Nilikuwa mgeni katika kazi, niliogopa. Ndiyo maana nasema leo.

Mtoto asimtafsirie mzazi mambo ya namna hiyo kamwe. Mwanamke apewe mkalimani mwanamke. Kabla ya kuanza, mgonjwa aulizwe: unamkubali huyu? Maana lugha moja haitoshi. Mtu anaweza kuzungumza lugha yako na akawa wa upande uliokuchomea nyumba. Na mkalimani anayetoa siri kisimani aondolewe, hata akiwa ndugu yangu. Siri moja ikitoka, mabango mia hayatairudisha.

Maombi yangu

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa Uganda nzima na familia nyingi ziliondolewa kabisa katika orodha. Chakula kikipungua, mawazo yanaongezeka, na ugomvi wa nyumbani pia. Fedha za wataalamu nazo ni chache. Kwa hiyo naomba yale ambayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Kabla ya kubandika tangazo lolote la afya, lisomwe na wazee na akina mama wa kila lugha, wao waseme jina linalofaa. Chumba kiitwe "Mahali pa Mazungumzo", au jina jingine watakalochagua.

2. Chumba hicho kiwe kwenye njia ya kliniki ya kawaida, ili mtu akipita asijulikane anafuata nini.

3. Wakalimani wale kiapo cha siri mbele ya Kamati, na wajulishwe adhabu yake.

4. Mashehe, wachungaji na waganga wa jadi wafundishwe dalili za hatari, na wajue wampeleke nani mgonjwa na wapi.

5. Mashirika yatueleze mapema mradi unaanza lini na unakwisha lini.

Namalizia na yule mama jirani yangu. Hakwenda kliniki ile. Alianza kuja kwangu tukichambua maharage, yeye na wenzake watatu, kila Alhamisi. Wiki ya tano ndipo mmoja wao aliposema, "Na mimi nikisikia pikipiki nakimbia." Mama yule akaweka ungo chini. Akasema, "Kumbe si mimi peke yangu?" Baadaye alikubali nimsindikize kwa muuguzi, mchana, mbele za watu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini mkunga naye asimvue mzazi nguo barabarani. Tumjengee chumba, tumwite kwa jina lake, tufunge mdomo. Ataingia mwenyewe.