Chama Kilichoshindwa Kitainukaje?

Twataka kunena habari za ACT-Wazalendo, chama kilichoundwa mwaka 2014, ambacho kwa Azimio la Tabora la 2015 kiliahidi kuhuisha Ujamaa. Mwaka 2020 mgombea wake wa urais, Bernard Membe wa Lindi, hakupata hata kura moja katika kila mia. Wapinzani walisema uchaguzi haukuwa wa haki. Lakini viongozi wa chama chake wenyewe walikuwa wamemwunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA; na manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mkorosho uliokatwa huchipua shinani. Chama cha wanyonge nacho hakina budi kuwa na neno moja, na kumtetea mkulima kwenye mnada wa korosho kila msimu, si kungoja mwaka wa kura.