Bei Nafuu Isiyokuumiza

Leo tunazungumzia namna ya kununua redio, spika na simu kwa bei nafuu bila kulizwa.

Ukifika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, usikimbilie duka la kwanza. Ulizia bei maduka matatu au manne, kisha ndipo mpatane.

Redio ya mtumba kutoka Japani igeuze nyuma, usome kibandiko cha umeme. Umeme wa Japani ni volti 100. Wa kwetu Tanzania ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja, inaweza kuungua. Kwa hiyo, jumlisha na bei ya transfoma ya kushusha umeme kabla hujasema umepata cha rahisi.

Spika ijaribu kwa wimbo unaoujua vizuri, kwanza sauti ndogo, kisha kubwa. Ikikwaruza, iache. Maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye boksi yasikubabaishe. Amini masikio yako.

Kwa simu, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Itatokea namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, yenye tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu lisipolingana na simu uliyoishika, usitoe hela. Kumbuka, Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na urahisi wake ukaishia hapo.

Mwisho, dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) na uandikiwe waranti. Risiti ndiyo ushahidi wako siku kifaa kikigoma.