Kabla ya Kufungua Duka Sirari: Mazungumzo na Vijana Wafanyabiashara wa Isebania



Likitajwa neno ng'ambo, wengi hufikiria Dubai au Marekani. Kwa kijana wa Isebania ng'ambo ni Sirari, mwendo wa miguu tu. Mjomba yuko Tarime, shangazi yuko Rorya, na Kikuria hakibadiliki ukishapita geti. Ndiyo maana mtu hubeba mashine yake ya kunyoa, akavuka, akakodi chumba na kuanza kazi, akisahau kwamba ameingia nchi nyingine yenye sheria zake.

Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Nyingi ndizo hasa vijana wa huku huanza nazo kwa mtaji mdogo: duka la jumla au rejareja, saluni isiyo ya hoteli wala ya watalii, kutengeneza simu, kutuma na kutoa pesa kwa simu, uchimbaji mdogo wa madini, udalali, hata kununua mazao shambani. Anayepatikana na hatia hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, yaani karibu nusu milioni za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi 6. Viza na kibali cha ukaazi navyo hufutwa.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki je? Swali ni la haki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine, na Kenya iliilalamikia amri hiyo. Lakini serikali mbili zikibishana, aliyekamatwa leo bado atalala kituoni leo. Afisa wa leseni hufuata amri iliyo mezani pake.

Hapo ndipo lile wazo la kuandikisha duka kwa jina la shemeji huingia, na lisemwe waziwazi kwa sababu kila mtu analijua. Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye hukabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Hiyo ni hatari ya shemeji. Ya kijana ni nyingine: siku wakikosana, leseni ni ya shemeji, mkataba wa chumba ni wake, na mali yote kwenye karatasi ni yake. Kijana atadai kwa hati gani?

Kuvusha mzigo ni jambo tofauti na kufungua duka. Bidhaa zinazotoka nchi za Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi dola 2,000 kwa thamani, hupewa cheti rahisi cha uasili pale mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa mimea na viwango hubaki palepale, msije mkashangaa. Kwa hiyo kijana anaweza kubaki na duka lake Isebania, akamuuzia mwenye duka wa Sirari. Anayetaka mahindi ya Tarime asiende shambani. Anunue kwa mfanyabiashara wa huko mwenye leseni, kisha avushe.

Aliye na mtaji mkubwa na biashara isiyokatazwa bado anaweza kuhamia. Atahitaji kibali cha ukaazi cha mwekezaji, namba ya mlipakodi na leseni. Pasi ya mgeni ni ya kutembea, haimruhusu kuuza. Tena huko hawasemi "nipe soda" kama huku. Husema "naomba", na mkubwa huamkiwa kwanza. Mteja anaweza kupotea kwa neno hilo moja.

Maswali yaulizwe katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maafisa wa nchi zote mbili wapo, kabla ya kulipa kodi ya chumba. Mwenye nyumba harudishi.